Simamisha Mchi

Mtu akimwuliza neno, hakujibu. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila aliyepata kumjua angekuambia. Ungefika barazani pake, ukaketi, ukaieleza shida yako toka mwanzo mpaka mwisho, naye angekukazia macho usoni kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa wino uliofifia. Ulipomaliza, alinyamaza. Kimya chake kilikuwa kirefu kuliko adabu. Mkewe aliweza kupepeta ungo mzima wa mpunga kabla hakijaisha, nawe ukaanza kujiuliza kama umesema baya. Kisha alitamka maneno manne au matano, na mara nyingi hayakuhusu jambo ulilouliza. Watu walitoka pale wakitikisa vichwa, wakisema: "Amesikia."

Hawakusema amejibu. Walisema amesikia, na walimaanisha kwamba amemsikia Mungu.

Nitakiri mapema, ili msomaji asije akadhani kwamba nachora picha hii kwa mkono mtulivu: nilimwonea wivu. Mali hakuwa nayo. Cheo chake, cha katekista wa kanisa la udongo katika njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare, kilikuwa chini yangu kwa kila kipimo cha misioni. Mimi nilikuwa nimemaliza seminari ndogo. Nilijua Kilatini na Kifaransa, na niliweza kueleza kwa mpangilio njia tatu ambazo Mungu husema na roho ya mwanadamu. Kabla ya kuingia seminari kubwa tulitumwa vijijini kufundisha miaka miwili ya majaribio, na Padri Mkuu aliponiaga pale Kasongo aliniambia: "Sitaki unijie na alama zako, nazijua. Kabla ya Pasaka ya mwaka wa pili, njoo uniambie umesikia nini. Kama hujasikia kitu, sitakupeleka."

Kwa hiyo nilikuwa na swali moja tu maishani, nalo lilikuwa na siku yake ya mwisho. Niliomba asubuhi, niliomba jioni, nilifunga siku za Ijumaa. Sikusikia kitu. Na hatua sitini kutoka mlangoni pangu aliishi mtu asiyejua kuandika zaidi ya jina lake, ambaye, kwa ushahidi wa kijiji kizima, Mungu alizungumza naye kila siku baada ya chai.

Alikuwa na koti. Siwezi kumtaja bila koti lile, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kukaa bila hilo. Lilikuwa koti la askari, zito, rangi ya majani makavu, lenye kifungo kimoja cha shaba kilichobaki, na kifungo hicho alikisugua kwa majivu kila Jumamosi mpaka kikawaka. Alilivaa katikati ya jua la saa sita, akitoka jasho kama mtu anayekimbizwa. Mtoto akiligusa kwa mikono yenye mafuta, katekista alifoka kwa maneno ambayo hayamo katika katekisimu. Nilifurahi kuona hivyo. Nilijiambia: mtu wa Mungu gani huyu, anayeabudu kifungo?

Nilikuwa nikizikusanya kasoro zake kama mtu anayeokota kuni. Alinusa tumbaku hadi ndani ya kanisa. Aliimba vibaya, na aliimba kwa nguvu kuliko wote, nyuma ya wimbo au mbele yake, kama mtu anayesafiri peke yake kwa njia nyingine. Padri alipokuja kuhubiri, mara mbili kwa mwaka, katekista alisinzia mstari wa mbele, kidevu juu ya kifungo cha shaba. Na katika mchezo wa bao alimwibia waziwazi jirani yake, shehe aliyekuwa akiwafundisha watoto wa Kiislamu Kurani upande wa pili wa njia.

"Rudisha kete yangu, kafiri weye," shehe alimwambia siku moja mbele yangu.

Katekista aliendelea kutazama ubao wa bao.

"Mwone! Mambo ya Mungu anasikia, ya kete hasikii!" shehe akanigeukia, akicheka mpaka kofia ikamteleza. "Mwalimu, ninyi Wakristo, Mungu wenu anapiga kelele sana au namna gani? Huyu angesikiaje?"

Nilidhani ni utani wa dini. Nilicheka kidogo, kwa heshima, na sikuutia maanani.

Kusoma kulimpa taabu, naye alipaswa kusoma Injili kila Jumapili. Alisoma kwa silabi, kidole kikitangulia, sauti ikipanda kama ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde: "Na Ye-su a-ka-wa-a-mbi-a." Niliketi nyuma yake, na alipokwama nilimnong'oneza neno linalofuata, si kimyakimya sana, ili watu wa mistari ya mbele wajue ni nani anayelijua. Hakulipokea hata mara moja. Aling'ang'ana na silabi zake mpaka akatoka mwenyewe upande wa pili. Nilikiita hicho kiburi. Mkewe, Mama Katekista, mwanamke mfupi mwenye macho mepesi, alikuwa na tabia ya kukaa daima upande wake wa kuume na kumgusa kiwiko kila mara mtu alipoanza kusema. Hicho nilikiita udadisi.

Lakini yapo yaliyonishinda kuyapa jina baya. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mkulima mmoja, mtu wa makamo, ambaye shamba lake la pamba lilikuwa limekaguliwa na kuonekana dogo. Wakati ule Bula Matari, yaani serikali ya Wazungu, alikuwa amemkatia kila mwanamume kipande chake cha pamba, na aliyepungukiwa alijua litakalompata. Mkulima alitaka kutoroka aende kutafuta kazi kwenye migodi. Alieleza kwa muda mrefu. Akauliza: Mungu anataka niende, au anataka nibaki?

Katekista alinyamaza. Alimtazama usoni, akamtazama begani, akatazama mikono yake. Kisha akasema:

"Mutoto wako anakohoa tangu lini?"

Mkulima hakuwa ametaja mtoto. Alisimama kama aliyepigwa kofi. "Siku tano, Baba."

"Rudi nyumbani. Akipona, ndiyo uje tuongee mambo ya pamba."

Mtoto alipona, na mkulima hakurudi kuuliza tena. Habari ile ilitembea mpaka vijiji vya ng'ambo ya mto. Na mimi niliyekuwa nimesimama pale, nikiwa na kitabu mkononi, sikulala vizuri juma zima. Yakobo alimwibia Esau baraka moja tu. Mimi niliona kama naibiwa yangu kila asubuhi na kupewa mzee huyu, na mwizi ni Mungu mwenyewe.

Sasa niseme juu ya ngoma, kwa maana bila ngoma mtu huyu hafahamiki.

Kanisa letu halikuwa na kengele. Lilikuwa na ngoma ya mti, yaani gogo lililochongwa tumbo likawa tupu, lenye mdomo mwembamba mgongoni na midomo miwili ya sauti, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Ngoma ya namna hiyo haichezewi. Inasema. Kwa kupanda na kushuka kwake huita mtu kwa jina, hutangaza msiba, huonya kwamba mkaguzi yuko njiani. Na ina sheria zake, ambazo watoto wa huko huzijua kabla ya kujua kuvaa nguo. Ngoma ikianza, kila mchi husimama. Mwanamke anayetwanga sombe, majani ya muhogo, hushika mchi wake hewani au huulaza ndani ya kinu, kwa sababu kijiji kinachotwanga hakisikii. Ngoma huanza kwa jina la anayeitwa, kisha habari, kisha hurudia yote mara ya pili. Wala hakuna ngoma inayoruhusiwa kujibu kabla ya ile nyingine kunyamaza kabisa. Anayekatiza ngoma amekata mdomo wa mwenzake.

Mimi nilikulia katika bweni la misioni, kati ya kengele na kengele. Sheria hizo niliziona kwa macho, lakini maneno ya ngoma sikuyajua.

Mafundisho yote ya katekista juu ya sala yalitoka katika gogo lile. Wakatekumeni waliongojea ubatizo walipomwuliza jinsi ya kumsikia Mungu, hakuwapa njia tatu. Aliwaambia: "Simamisha mchi." Hayo tu. Walipomsihi aongeze, aliongeza kidogo: "Mungu haanzi na habari. Anaanzaka na jina lako. Kama hujasikia jina, ile habari ni ya mutu mwingine." Na siku moja, akinitazama mimi, au hivyo nilivyoona: "Ukisikia sauti inakusifu mbele ya jirani yako, usiite Mungu. Lile ni tumbo."

Niliyaandika maneno hayo katika daftari langu, na chini yake nikaandika kwa Kifaransa: duni, hayana utaratibu. Nimeutazama ukurasa ule hivi karibuni. Kalamu ilikuwa imetoboa karatasi.

Mwanzoni mwa mwaka wa pili nilimeza kiburi changu nikaenda barazani pake kama watu wengine. Nilieleza yote: seminari kubwa, swali la Padri Mkuu, siku iliyokuwa ikikaribia. Nilieleza vizuri, kwa vifungu vilivyopangwa. Nilisema haraka, nikitazama chini, kwa kuwa niliona haya.

Mama Katekista alimgusa kiwiko. Mzee aliniinamia, akatafuta uso wangu, nami niliuficha zaidi. Kimya kikaja. Nilikihesabu kwa mapigo ya moyo. Hatimaye akasema:

"Kwa weye, Mwalimu, sisikii kitu."

"Hata neno moja, Baba Katekista?"

Akatazama midomo yangu. Akatikisa kichwa polepole, kwa huzuni ambayo niliifasiri kuwa dharau. "Sisikii. Inua kichwa, sema tena."

Sikusema tena. Niliinuka nikamshukuru kwa Kiswahili safi cha vitabu, nikaenda zangu. Kwa mkulima wa pamba Mungu alikuwa na neno. Kwa wanawake waliogombana juu ya kinu, alikuwa na neno. Kwa ajili yangu, niliyempa ujana wangu wote, hakuwa nalo. Toka siku ile wivu wangu haukuwa tena moto wa kuota. Ulikuwa wa kuchoma nyumba.

Kulikuwa na jambo nililokuwa nimeliona na kuliweka akiba. Kila alfajiri, kabla ya kupiga ngoma ya kuita watu kwenye sala, katekista alipiga magoti kando ya gogo, akafungua koti lake la thamani, akalaza kifua kitupu juu ya mti. Mikono yake ililikumbatia. Alikaa hivyo muda mrefu, macho yamefumbwa, bila kusema hata Baba Yetu. Kisha aliinuka, akafunga kifungo, akapiga.

Kila mwisho wa muhula nilimwandikia Padri Mkuu taarifa ya shule. Muhula ule niliongeza mistari minne. Niliandika kwamba katekista hukumbatia ngoma kwa kifua kitupu kabla ya sala. Kwamba wakati huo hasemi sala yoyote inayosikika. Kwamba watu humjia kuuliza mambo yao yaliyofichika, kama wazee wao walivyowaendea waganga. Na kwamba wao husema yeye husikia. Hapakuwa na neno la uongo katika mistari hiyo. Uongo ulikuwa katika jinsi nilivyoipanga, na kupanga ndiko nilikofundishwa miaka saba.

Padri Mkuu alikuja mwenyewe, kabla ya wakati wake, akiwa amechoka na njia na tope. Kijiji kilikusanyika mbele ya kanisa. Kila mtu alisema kwa wakati mmoja. Padri aliinua mkono, akamwuliza mzee kwa sauti ya upole, akiwa amelielekea gogo na si yeye: "Ni kweli unaikumbatia ngoma hii kila asubuhi?"

Mama Katekista alikuwa amesukumwa nyuma na umati. Mzee alizungusha macho yake juu ya nyuso zetu, moja baada ya nyingine, upesi, kama mtu aliyepoteza kitu. Kisha akasimama wima, akajibu kama alivyowajibu Wazungu maisha yake yote:

"Ndiyo, Padri."

"Na watu wanakuja kwako kuaguliwa?"

"Ndiyo, Padri."

Padri alihuzunika, hakuwa mtu mkali. Gogo lilipasuliwa kwa shoka siku ileile, na mahali pake ikatundikwa rimu ya gari, inayogongwa kwa nondo. Katekista alivuliwa kazi yake. Siku ya tatu yeye na mkewe waliondoka kwa miguu kwenda Kabambare, kwa jamaa za mke. Alivaa koti. Kifungo kilikuwa kimesuguliwa, ingawa haikuwa Jumamosi.

Nilipewa nafasi yake ya kuongoza sala. Watu walikuja barazani kwangu, wachache, kwa aibu, nami niliwajibu mara moja, kwa vifungu. Hawakurudi.

Shehe ndiye aliyenifungua macho, na hakufanya hivyo kwa kunihurumia. Alinikuta nikigonga rimu, akasimama mbele yangu.

"Mumefukuza kiziwi, Mwalimu. Mumefurahi?"

"Kiziwi gani?"

Alinitazama kama watu wanavyomtazama mwehu. "Hukujua? Miaka miwili, nyumba na nyumba? Baruti ya kupasulia mawe kule kwenye reli ilikula sikio lake la kwanza, angali kijana. La pili limekuwa likimfuata kidogokidogo. Sasa hana kitu. Mama ndiye anamugusa, anajua mutu anaongea. Maneno anayachukua kwenye midomo."

"Na ngoma?" niliuliza.

"Kanisa la ng'ambo ya mto linapigaka kwanza, kweli si kweli? Yeye hawezi kulikatiza. Sasa angejuaje wamemaliza? Analaza kifua. Mti unasikia mti, naye anasikia mti. Lile gogo ndilo lilikuwa sikio lake." Akatema mate pembeni. "Alificha kwa sababu aliogopa mutampumzisha. Miye mwenyewe nilimufichia. Naye ananiibia kete!"

Sitajipaka chokaa. Jambo la kwanza nililohisi lilikuwa furaha. Kumbe hakuwa akisikia kitu! Kimya chake kilikuwa cha mtu anayeunganisha silabi alizookota midomoni. Usingizi wake wakati wa mahubiri, uimbaji wake, minong'ono yangu aliyoikataa, vyote vilikuwa na sababu moja ya kawaida. Hata mtoto anayekohoa: siku ile begani mwa mkulima palikuwa na alama ya mafuta na unga mwekundu, ambao huko hupakwa kifuani mwa mtoto mwenye kikohozi. Mtu yeyote angeweza kuiona.

Nilikuwa pale. Sikuiona. Nilikuwa nikisikiliza kama mkulima ametumia neno la Mungu ipasavyo.

Furaha ile iliishi mchana mmoja. Ilipoondoka iliniachia sauti ya mzee: "Inua kichwa, sema tena." Hakuwa amenikataa. Nilikuwa nimeuficha uso, naye hakuwa na njia nyingine ya kunifikia.

Shule ilipofungwa kabla ya Jumapili ya Matawi, zilibaki siku chache tu za kupeleka jibu langu Kasongo. Nilipanda baisikeli nikaelekea upande usio wa Kasongo. Njia ya Kabambare ilikuwa imeliwa na mvua. Mahali pengine baisikeli ndiyo iliyonipanda mimi. Nilibeba kibao cheusi cha kuandikia, cha mwanafunzi, na vipande viwili vya chaki, kwa sababu nilijua kwamba niliyokuwa nayo siwezi kumwambia kiziwi kwa kelele.

Nilimkuta nje kidogo ya Kabambare, ameketi kando ya ukuta wa nyumba ya shemeji yake, akichambua maharage. Uani wanawake wanne walikuwa wakitwanga sombe kwa zamu, michi ikipokezana, nao walikuwa wakimtania.

"Baba Katekista, unatupa muzuri unaacha mubovu!"

Hakusikia. Mkewe ndiye aliyeniona. Uso wake ulifunga mlango, kisha ukaufungua kidogo kwa ajili ya adabu. Akamgusa kiwiko. Mzee aliinua macho.

"Mwalimu!" alisema, kwa sauti kubwa mno. "Umekonda. Mama, huyu amekonda, iko nini kule?"

Sikuweza kuketi. Nilisimama pale pale nikaandika, kibao kikiwa juu ya kiti cha baisikeli, nikampa kwa mikono miwili. Nilikuwa nimefikiri atasoma moyoni, na kwamba jambo letu litabaki kati ya wawili. Miaka miwili nilimsikia akisoma, na bado sikukumbuka: mtu yule hakujua kusoma ila kwa sauti.

Aliweka kidole chini ya neno la kwanza. "Mi-mi," akaanza, kwa sauti ile ya kuita ng'ambo ya bonde. "Mi-mi ndi-mi ni-li-ye-mwa-ndi-ki-a Pa-dri."

Mchi mmoja ulisimama.

"Ju-u ya-ko na ngo-ma."

Wa pili ukasimama, na wa tatu. Mwanamke wa nne aliushikilia wake hewani, mikono juu, kama ngoma imeanza. Uani pakawa kimya kabisa, na katika kimya hicho sauti yake ndiyo pekee iliyokuwapo, ikibeba dhambi yangu silabi kwa silabi, bila haraka, bila kuelewa bado inapokwenda.

"Si-ku-fa-nya kwa a-ji-li ya Mu-ngu. Ni-li-fa-nya kwa…"

Akakwama. Hapo chaki ilikuwa imefifia, kwa maana hapo mkono wangu ulikuwa mwepesi. Aliinamisha kibao kwenye mwanga. Akajaribu tena, akashindwa. Kisha akainua uso, akaweka kidole kwenye neno lile, akangoja, macho yake kwenye midomo yangu. Nilikuwa mwepesi wa kumsaidia kusoma, siku zile.

Niliinua kichwa. Nikatamka mpaka mdomo ukaumba kila sehemu yake.

"Wivu."

"Wi-vu," alisema. Akarudi kwenye kibao, kwa kuwa bado palikuwa na neno moja. "Ni-sa-me-he."

Kisha, kama kawaida yake kwa maneno magumu, alisoma yote tena tangu mwanzo. Mara ya pili hakukwama popote.

Alipomaliza alinyamaza. Nilikijua kimya kile, nilikuwa nimekionea wivu miaka miwili, na sasa nilikuwa ndani yake. Hakuna mchi uliogonga. Mama Katekista alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Siku ile Padri anauliza," mzee alisema hatimaye, "watu wote walikuwa wanaongea. Midomo yote inaenda. Yako tu ilifungwa. Nikaona." Akafuta vumbi la maharage magotini. "Nilikuwa ninangoja."

Alinirudishia kibao. Nikataka kukifuta kwa kiganja, naye akanishika mkono, kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Ile barua ya kwanza, uliandikia nani?"

"Padri Mkuu," nilisema, kichwa juu.

"Basi na hii ni yake. Miye nimeshasoma." Akanisukumia kiti cha miguu mitatu. "Mama, mupe mutoto wangu chakula. Amekonda."

Wanawake wakarudi kwenye kinu.

Nilitembea na kibao kile siku mbili. Nilijua maana yake. Padri Mkuu angeweza kumsamehe mwanafunzi mjinga. Sikuwa na hakika kwamba angempeleka seminari kubwa mtu aliyemvunjia mzee sikio lake kwa shoka la misioni. Siku ya pili, baada ya daraja la miti, mawingu yalikuja kutoka upande wa mto Lualaba, na mvua ya Machi haibishi hodi. Tone moja lingenitosha. Ningeweza kufika nikasema kwa kweli kwamba mvua ilikifuta, nikaeleza habari kwa maneno yangu mwenyewe, nikiyapanga. Nilivua shati nikakifunga. Juu ya shati nikafunga majani ya mgomba niliyoyakata shambani mwa mtu, na mvua iliponikuta nilikipakata kifuani, nikainama juu yake, nikisukuma baisikeli kwa mkono mmoja. Ilikuwa karibu na Kasongo nilipokumbuka kwamba sikumwuliza mzee lile swali langu. Nilikuwa nimesafiri mpaka Kabambare, na sikumwuliza. Nilisimama tope likinifika vifundoni. Kisha nikaendelea mbele.

Padri Mkuu alikuwa kwenye veranda ya misioni, akisoma sala zake. Aliniona nikija bila shati, nimelowa, nimekumbatia mzigo wa majani. Akafunga kitabu.

"Basi," alisema. "Umesikia nini?"

Nilifungua majani, nikafungua shati, nikampa. Herufi zote zilikuwapo. Alivaa miwani yake. Nilikuwa na maelezo mengi, na mengine yalikuwa ya kweli. Yalinijia yote kwa pamoja, yakipigana mlangoni mwa mdomo. Niliyaacha humo humo, nikasubiri amalize.